Kuleta gari kutoka Kenya hadi Arusha au Moshi: anza na kodi, gari litafuata

Jirani yangu wa Sakina alinunua Subaru Forester Nairobi kwa bei iliyotufanya mtaa mzima tumwone mjanja. Gari zuri, bluu iliyokolea, boneti halijawahi kuguswa na fundi rangi. Alipofika nalo Namanga, wakala akamwonyesha jumla ya kodi kwenye simu. Akaomba aonyeshwe tena. Gari likalala yadi ya forodha wiki tatu, mwenyewe akizunguka Arusha kukopa: kwa shemeji, kwa kikoba, kwa mwajiri. Lilitoka, lakini hadi leo ukimuuliza lilimgharimu kiasi gani atakujibu, "Tuongee mpira."

Mimi nimevusha magari mawili, Noah yangu na pikapu ya binamu yangu wa Moshi, na nimewasindikiza watu kadhaa waliokuja na swali lilelile. Utaratibu ninaoufuata sasa umenyooshwa na makosa yangu mwenyewe. Una hatua nyingi, ila ile ya kwanza ndiyo inayobeba nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu kuliko utakavyopenda.

Bei ya Nairobi ina kodi ya Kenya ndani yake

Ukiona tangazo la gari lenye namba za KCX au KDB, jua gari hilo lilishalipiwa kodi za Kenya siku lilipotoka bandarini Mombasa. Mwenye gari alilipa ushuru, ushuru wa bidhaa na VAT ya kwao ya asilimia 16, na zote zimo kwenye bei anayokutajia. Wewe ukilivusha, TRA haitazami alicholipa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Inaanza upya.

Hapa ndipo wengi hukasirika. "Si tuko Jumuiya moja?" Tuko, ndiyo. Lakini kinachovuka bila ushuru ndani ya Jumuiya ni bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasilia. Toyota iliyozaliwa Japani haigeuki Mkenya kwa kuishi Kiambu miaka kumi.

Basi nani anafaidika kununua Kenya? Kwa ninavyoona, watu wa aina tatu. Wa kwanza ni anayenunua gari ambalo bado halijasajiliwa Kenya, lililoko Mombasa chini ya ulinzi wa forodha. Hilo halijalipiwa kodi ya Kenya, na chini ya Himaya Moja ya Forodha unalipa kodi ya Tanzania kwanza, ndipo linaachiwa bandarini lije huku. Kikodi halina tofauti na gari lililoshushwa Dar es Salaam, ila wewe umeliona kwa macho yako kabla ya kutoa hela. Wa pili ni anayetafuta gari la aina maalumu ambalo soko letu halina la kutosha, kama wenzetu wa utalii hapa Arusha wanaosaka Land Cruiser za bodi ngumu kwenda kurefushwa kwenye gereji zetu. Wa tatu ni anayemjua mwenye gari: bosi wake wa zamani, dada aliyeolewa Thika, mtu ambaye historia ya gari lake haina shaka. Kwa hawa wawili wa mwisho, kodi mara mbili inaweza kuvumilika kwa sababu wanakwepa hasara nyingine.

Kama huko kwenye kundi lolote kati ya haya, na unachotaka ni Vitz ya kwenda kazini, maliza kusoma halafu agiza Japani kupitia Dar. Utalingoja wiki kadhaa, lakini kodi utailipa mara moja.

Hatua ya kwanza: kaa na kikokotoo

Neno lenyewe huwapa wastaafu kichefuchefu, najua. Hiki ni kingine: kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, kipo wazi kwenye tovuti yao na hakihitaji kujisajili. Unachagua aina ya gari, modeli, umbo la bodi, mwaka wa kutengenezwa, nchi linakotoka, mafuta na ukubwa wa injini. Kinakupa thamani ambayo TRA inaitambua na kodi zote chini yake.

Zingatia maneno hayo: thamani ambayo TRA inaitambua. Risiti yako ya kununulia haitawali hapo. Umelipata kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe anahamia Kanada na ana haraka? Hongera, lakini kodi itafuata kanzidata yao.

Nikukokotolee kwa mkono ili uone mashine inafanya nini. Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 10,000,000, gari la abiria, injini ya sisi (cc) 1500, na limepita miaka kumi tangu litengenezwe.

Ushuru wa forodha ni asilimia 25: 2,500,000. Sasa msingi ni 12,500,000.

Juu ya msingi huo unakuja ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini. Hadi sisi 1000 hakuna. Kuanzia 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Letu linaangukia asilimia 5: 625,000.

Kisha ushuru wa uchakavu. Gari la abiria la miaka minane hadi kumi hulipa asilimia 15, lililopita kumi asilimia 30. Letu: 3,750,000.

Jumlisha, unapata 16,875,000. Piga VAT ya asilimia 18 juu yake: 3,037,500.

Kodi hizo pekee zimefika 9,912,500. Umenunua gari moja, umelipia mawili. Na bado hujaweka ada ya forodha ya asilimia 0.6, tozo ya reli, ada ya usajili na tozo ndogondogo ambazo huongezeka karibu kila mwaka.

Sasa punguza umri. Gari lilelile, thamani ileile, lakini la miaka saba: ushuru wa uchakavu unatoweka, na jumla ya kodi hizo inashuka hadi 5,487,500. Tofauti ni zaidi ya milioni nne na laki nne. Ndiyo maana mimi nikimsaidia mtu kutafuta gari, swali langu la kwanza ni la mwaka, la pili ni la sisi, na rangi tutaongea baadaye. Forester ya jirani yangu ilikuwa ya zaidi ya miaka kumi.

Pana mtego wa Kenya hapa. Wao hawaruhusu gari lililotumika la zaidi ya miaka minane kuingia nchini mwao. Kwa hiyo magari yao mengi huingia yakiwa na miaka saba hivi, yanatumika mitano au sita, halafu yanauzwa. Yanapokufikia wewe yako palepale kwenye asilimia 30. Tangazo litasema "sajili ya 2019", nawe utafurahi. Mwaka wa kusajiliwa Kenya haukuhusu. Umri unahesabiwa kutoka mwaka wa kutengenezwa, na huo umeandikwa kwenye logbook, yaani kadi ya gari ya Kenya. Omba picha yake kabla hujapanda shato, basi dogo la kwenda Nairobi.

Jambo jingine la kalenda: viwango hivi huguswa na bajeti. Inasomwa Juni, na sheria mpya ya fedha huanza kazi tarehe 1 Julai. Ukinunua Mei na ukavusha Julai, kokotoa upya.

Ukishapata jumla, ongeza angalau asilimia 10 ya dharura. Mimi sikuongeza kwenye Noah, na nililipia uzembe huo kwa kuuza pikipiki.

Misamaha, kwa kifupi

Mtu anayehamia nyumbani moja kwa moja kutoka ughaibuni anaweza kuingiza gari moja bila ushuru, kama ni lake na amelitumia mwenyewe kwa angalau miezi 12. Watanzania wanaofanya kazi Nairobi hulisikia hili na kushangilia. Wasome tena: Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, Jedwali la Tano, inazungumzia gari lililomilikiwa na kutumiwa nje ya nchi mwanachama. Kenya ni mwanachama. Kabla hujajenga mpango wako juu ya msamaha, andika barua TRA na upate jibu la maandishi. Wenye kampuni za utalii nao wana kipengele chao kwa magari yaliyoundwa mahususi kubeba watalii. Gari likibadilishwa matumizi, kodi inarudi.

Kwenda kuliona

Kutoka Arusha hadi Namanga ni kama kilometa 110, na kutoka hapo hadi Nairobi kama 165. Shato za asubuhi zinakufikisha mchana. Beba pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria. Ule utaratibu wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ambao Kenya, Uganda na Rwanda wanautumia wao kwa wao, sisi hatumo. Beba na kadi ya homa ya manjano.

Nenda na fundi wako. Nauli yake, chakula na posho ya siku mbili vitakuuma, lakini vinauma kidogo kuliko giaboksi. Kama huna fundi wa kusafiri naye, AA Kenya hufanya ukaguzi na tathmini ya magari kwa malipo. Mwambie muuzaji gari lipelekwe huko. Akikataa, umeshapata jibu la ukaguzi.

Nairobi yadi zimejipanga Ngong Road na Kiambu Road, na pia wapo watu binafsi wanaouza majumbani. Mimi napenda hao wa majumbani. Unaona gari linapoegeshwa, unaona doa la oili sakafuni, unaona kama mwenyewe ni mtu wa kutunza. Fika alfajiri, gusa boneti. Likiwa la moto kabla hujafika, kuna kitu hawataki ukisikie likiwashwa likiwa baridi.

Dalali wa kwanza niliyekutana naye alinifungulia mlango wa Premio kwa unyenyekevu mkubwa.

"Bosi, hii ni gari ya mama. Alikuwa anaendea nayo kanisani tu."

Nikachungulia dashibodi. Kilometa 240,000.

"Kaka, huyo mama alikuwa anasali Kisumu?"

Alicheka, nami nikacheka, na hatukununua. Ukiona kilometa ndogo kupita kiasi, ndiyo uogope zaidi, kwa sababu mita hurudishwa nyuma. Magari mengi ya Japani yaliingia Kenya yakiwa na cheti cha ukaguzi cha huko, chenye kilometa za siku hiyo. Uliza kama mwenyewe bado anacho. Linganisha na uchakavu wa usukani, pedali ya breki na kiti cha dereva; plastiki haijui kudanganya. Gari lililokaa Mombasa lilazwe kwenye lifti na utazame chini, kwa sababu chumvi ya bahari hula chesisi taratibu, nawe unaangalia rangi ya juu inang'aa.

Na namba ya chesisi. Isome kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye kibati peke yake, halafu ifananishe na logbook herufi kwa herufi. Kama eneo lile limesagwa, limechomelewa au lina rangi mpya kuliko jirani zake, aga kwa heshima uondoke. Namba ya injini vilevile. Mpakani watazisoma hizohizo, na hapo hutakuwa na pa kuondokea.

Karatasi za upande wa Kenya

Usajili wa magari Kenya uko chini ya NTSA, na huduma zake zimo ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Kwa ada isiyozidi shilingi elfu moja za Kenya unaweza kupekua rekodi ya gari na kuona jina la mwenye gari. Fanya hivyo mwenyewe au kaa pembeni ya anayefanya. Usipokee picha ya skrini.

Tazama jina. Likiwepo la benki au taasisi ya mikopo pamoja na la muuzaji, gari lina deni. Lakini jina kuwa moja hakumaanishi deni halipo. Kenya ina daftari la dhamana za mali zinazohamishika, lililoanzishwa na sheria ya 2017, na mtu anaweza kuwa ameweka gari rehani huko. Nalo linapekuliwa kupitia eCitizen. Wauzaji wengi hawajui kama wewe unalijua.

Anayeuza awe ndiye aliye kwenye logbook. Hadithi ya "niliuziwa na jamaa, hatukubadilisha jina" tunaijua na sisi, kadi za gari zetu zimejaa majina ya marehemu. Tofauti ni kwamba hapa unataka gari lifutwe kwenye usajili wa nchi nzima, na anayeweza kuanzisha hilo ni yule ambaye gari limesajiliwa kwenye akaunti yake. Jamaa wa jamaa hakusaidii.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, uwe na namba za vitambulisho, namba ya chesisi, bei, na sentensi moja ambayo watu huisahau: kwamba gari linauzwa kwa ajili ya kusafirishwa nje ya Kenya, na muuzaji atafuta usajili kabla ya kupokea malipo ya mwisho. Polisi nao wahusishwe. Gari lililowahi kusajiliwa nchi nyingine lisafishiwe jina kwenye orodha ya magari ya wizi, upande wa Kenya na kwa Interpol wa huku. Magari ya wizi yanaijua njia ya Namanga tangu zamani, na askari wanajua kwamba yanaijua.

Hela zipite wapi

Benki kwa benki. M-Pesa ya Kenya haivuki shilingi 250,000 za kwao kwa muamala mmoja, na kumlipa mtu vipandevipande vya simu kunakuachia ushahidi uliotawanyika. Fedha taslimu kuanzia dola 10,000 au thamani yake lazima zitangazwe forodhani unapovuka. Hata chini ya hapo, sioni sababu ya kutembea na bahasha kwenye shato.

Wale vijana wa kubadilisha hela pale Namanga ni wepesi wa mkono na wa mdomo. Mimi nilibadilisha nao hela ya chai na nikapungukiwa elfu tano. Ya gari ibadilishie benki.

Nilivyogawa malipo ya Noah: asilimia 20 siku ya mkataba, 50 baada ya ombi la kufuta usajili kuonekana kwenye mfumo, na 30 baada ya kupewa uthibitisho kwamba umefutwa. Muuzaji alinung'unika. Mwalimu mstaafu wa Machakos, mtu mwema kabisa, na bado sikubadilisha.

Kufuta usajili na kuondoka

Utahitaji wakala wa forodha upande wa Kenya wa kuandaa tamko la kusafirisha nje kwenye mfumo wa KRA. Logbook na vibao vya namba hurudishwa NTSA. Hatua hii ndiyo iliyonila muda: kati ya siku tisa za safari yangu nzima, nne nilikaa nikisubiri Nairobi, nikila chapati kwa binamu na kujifanya mgeni mwenye staha.

Kumbuka kwamba gari lililofutwa halina namba, na gari lisilo na namba haliendi barabarani. Panga na wakala mapema: ama litembee kwa namba za muda, ama lipande lori la kubebea magari. Kama litaendeshwa, hakikisha lina bima inayovuka. Kadi ya njano ya COMESA inatambulika Tanzania, ingawa sisi tulishajitoa COMESA tangu 2000; kwenye mpango wa kadi tulibaki.

Namanga au Holili

Wa Arusha watapita Namanga. Wa Moshi wana chaguo. Kwa gari la Mombasa, njia ya Voi hadi Taveta ina lami, unatokea Holili, na kutoka Holili hadi Moshi kupitia Himo ni chini ya saa moja. Pikapu ya binamu ilipita huko, na niliupenda utulivu wake, ukiacha siku za gulio la Taveta ambapo mbuzi, ndizi na malori vinagombea lango moja. Kuna Tarakea pia, lakini kwa gari la kusajili nisingeanza safari yangu hapo.

Vituo vya Namanga na Holili vyote ni vya huduma kwa pamoja: unasimama mara moja, kwenye jengo la nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wako humo. Ukitoka Kenya, utamalizia upande wa Tanzania. Usisimamishwe kule na kijana mwenye fulana ya njano anayedai "boda ni hapa".

Wakala wa upande wetu awe na leseni ya TRA, na umtafute kabla ya gari kuondoka Nairobi. Ukimpata ukiwa umeshafika, yeye ndiye mwenye bei. Wangu nilielekezwa na fundi, dada mmoja mwenye kibanda kidogo pale Namanga. Alinipokea kwa swali moja tu: "Kaka, TIN unayo, au tunaanza kutafutana?" Nilikuwa nayo. TIN ni bure, unaipata kwa namba yako ya NIDA, na jina lililo kwenye TIN ndilo litakalokuwa kwenye kadi ya gari. Ukitaka gari liwe la mke, tumia TIN ya mke tangu mwanzo. Kubadilisha baadaye ni ada nyingine.

Wakala anaingiza tamko kwenye mfumo wa forodha, TRA inathaminisha, unatolewa namba ya kumbukumbu ya malipo. Lipa mwenyewe, benki au kwa simu, kwa kutumia namba hiyo. Usimpe wakala hela ya kodi "akulipie pamoja na zake". Mwaka fulani nilimsindikiza rafiki ambaye alifanya hivyo. Wakala alizima simu siku mbili, akarudi na hadithi ya msiba. Kodi ililipwa mwishowe, lakini siku hizo mbili ziliongeza gharama ya maegesho na zikatoa nje mvi chache zilizokuwa zinajificha.

Kisha ofisa atalikagua gari kimwili: chesisi, injini, sisi, mwaka. TBS nao wana ofisi mipakani na wanaangalia kama gari linafaa kutembea: breki, taa, tairi, usukani. Tairi vipara zinazovumiliwa mtaani zitakukwamisha hapa. Badilisha Nairobi kabla ya kuja, au uwe na tairi za akiba kwenye buti.

Desemba usiende. Kuanzia katikati ya mwezi watu wa Kilimanjaro wanarudi kuhesabiwa nyumbani, na barabara ya Himo inageuka maegesho. Kila mtu anataka gari lake likaonwe na mama kijijini kabla ya Krismasi. Mwishoni mwa Januari foleni imelala, na wauzaji Nairobi wana ada za shule za kulipa.

Namba za T

Kodi ikishalipwa na gari kuachiwa, usajili unafanyika TRA kwenye mfumo huohuo. Unapata namba, vibao vinatengenezwa na watengenezaji walioidhinishwa, na kadi ya gari inatoka kwa jina lako. Ile leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017, hivyo unachokutana nacho ni ada ya usajili wa mara ya kwanza, inayopanda kulingana na sisi.

Bima kabla ya gurudumu kugusa lami ya Longido. Ya mtu wa tatu kwa gari dogo la binafsi ni shilingi 118,000, na askari wanaithibitisha kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, kwa hiyo stika ya kughushi haina maisha. Mimi gari likiwa jipya kwangu naweka bima kubwa mwaka wa kwanza, hasa kwa sababu sijajua bado linaficha nini.

Kuhusu kubaki na namba za Kenya

Utaona magari ya namba za K yakizunguka Arusha miezi na miezi, na mtu atakunong'oneza kuwa unaweza kuingia kwa kibali cha muda halafu ukawa unakihuisha. Kibali hicho ni cha mgeni anayepita. Wewe mkazi wa Njiro mwenye NIDA ya Tanzania ukikutwa ndani ya gari la aina hiyo, unaulizwa kama mtu aliyekwepa ushuru, na gari linaweza kutaifishwa. Nimeona Prado nzuri ikiota majani kwenye yadi kwa hadithi hiyo.

Faili

Tunza kila karatasi: mkataba, uthibitisho wa kufutwa usajili Kenya, tamko la forodha, risiti za kodi, ripoti ya polisi. Piga picha zote uzitume kwenye barua pepe yako. Mwalimu wa Machakos alinipigia miezi mitano baadaye, kwa sauti ya kutetemeka kidogo: ameandikiwa faini ya maegesho Nairobi kwa namba za Noah ile. Nilimtumia uthibitisho wa kufutwa usajili nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mafuta pale Kwa Mrefu. Akasamehewa, akanitumia salamu za Pasaka, na akaniuliza kama gari bado linapiga kelele upande wa kushoto ukikata kona. Hakuwa ameniambia hilo wakati wa kuuza.